Kwenye meli hii hakuna benchi

KUNA mashindano ambayo aliyefika wa kwanza anaweza kuambiwa amemaliza wa sita, na kombe linalopewa heshima ya juu linakwenda kwa timu iliyopigiwa kura na wapinzani wake.

Hiyo siyo soka, maana kwenye soka ukifunga umefunga, labda VAR ikuharibie siku. Haya ni mashindano ya meli kubwa za matanga, zile za milingoti mitatu na kamba chungu nzima, na wanaoziendesha kwa sehemu kubwa ni vijana wa miaka 15 hadi 25. Wengi wao siku wanapanda melini hawajawahi kushika kamba ya tanga hata mara moja.

Mimi ni mtu wa mpira. Kwa kawaida hapa ungekuta habari za dirisha dogo au nani kaumia goti mazoezini. Leo nivumilie, nina sababu.

Mwaka jana mtoto wa mama yangu mdogo, dogo wa miaka 17, aliachwa na akademi moja ya Dar es Salaam. Alikuwa amekaa pale misimu miwili. Hakuitwa ofisini wala hakuambiwa neno. Orodha ya msimu mpya iliwekwa kwenye grupu la WhatsApp, majina 25, la kwake halimo. Nusu saa baadaye akaondolewa kwenye grupu. Tangu siku hiyo viatu vyake vya mpira viko juu ya kabati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki ileile niliandika habari ya akademi hiyohiyo. Nilisifia kikosi kipya, nikamnukuu kocha, nikataja chipukizi wa kutazamwa. Sikuuliza walioachwa ni wangapi wala wamekwenda wapi. Nimeripoti soka la vijana kwa miaka minne sasa na swali hilo sijawahi kumuuliza kocha yeyote.

Halafu miezi michache iliyopita nikavuka kwenda Unguja kwa ajili ya mechi pale Amaan. Nikapita Malindi kumwamkia babu, kaka yake bibi, mzee aliyekula chumvi nyingi kwenye majahazi ya Pemba na Mombasa. Ukutani kwake kuna kalenda ya zamani aliyoletewa na ndugu zetu wa Muscat. Ina picha ya meli imetweka matanga yote, nyeupe peee, na chini yake jina: Shabab Oman. Vijana wa Oman.

Nikamsimulia habari za dogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Mpira wenu unachezwa na watu wangapi?”

“Kumi na moja, babu.”

“Na waliobaki?”

“Wanakaa benchi. Wengine hawafiki hata benchi.”

Akaiangalia ile picha. “Chomboni hakuna benchi, mjukuu wangu. Ukiwamo, umo.”

Niliporudi Dar nikaanza kuisaka habari ya meli hiyo. Nilichokikuta ndicho nataka kukisimulia.

KIKOSI KINAVYOPANGWA

Mashindano yenyewe yanaitwa Tall Ships Races. Yanasimamiwa na taasisi ya Sail Training International yenye makao Uingereza, na hufanyika majira ya kiangazi kwenye bahari za Ulaya. Meli na mashua za kila ukubwa hujitokeza, kuanzia vyombo vidogo vya watu wachache mpaka meli za majeshi ya majini zenye watu zaidi ya mia.

Sheria yao kubwa ndiyo iliyonishika: angalau nusu ya watu walio melini lazima wawe na umri wa miaka 15 hadi 25. Yaani ukija na mabaharia wakongwe watupu, hata wawe hodari vipi, hushindani. Ni sawa na TFF iseme kila timu ya Ligi Kuu ianzishe vijana sita kila mechi, na asiyetaka abaki nyumbani.

Tena hao vijana hawachujwi kwa vipaji. Hakuna majaribio ya Jumamosi asubuhi yenye wavulana 200 na skauti mmoja mwenye daftari. Anayekuja, awe mwanafunzi wa sekondari, fundi au kijana asiye na kazi, anaonyeshwa kitanda chake, anapewa mkanda wa usalama na kupangiwa zamu.

Zamu ndiyo moyo wa maisha ya melini. Meli nyingi hugawa watu makundi matatu. Kundi moja linafanya kazi muda wa saa nne, kisha linapumzika saa nane, halafu linarudi tena, usiku na mchana. Ukipangiwa zamu ya saa 6 usiku utaamshwa umelala fofofo, utavaa koti la mvua gizani na kupanda juu kukaa mpaka saa 10 alfajiri. Bahari imekulevya? Chukua ndoo yako uje nayo.

Kwenye zamu kila mtu anazungushwa. Leo unashika usukani, baadaye unasimama omo kutazama kama kuna taa ya meli nyingine, kesho unamenya viazi jikoni, keshokutwa unasugua choo. Mtoto wa tajiri anasugua choo kilekile na mtoto wa mvuvi.

Halafu kuna kazi ya matanga. Kwenye meli hizi matanga makubwa hufungwa kwenye foromali, yaani miti inayolala kukatisha mlingoti. Kulikunja tanga kuna kazi mbili. Walioko chini huvuta kamba zinazolikusanya tanga juu, kwenye foromali. Wengine hupanda mlingoti, husimama kwenye kamba iliyopita chini ya foromali, wakaegemeza matumbo na kulifunga tanga kwa mikono huku meli ikiyumba.

Unaona mpangilio ulivyo? Wale wa juu ndio wanaopigwa picha. Lakini kama wa chini hawajavuta, wa juu hawana cha kufunga, watabaki wananing'inia tu na upepo unawapiga. Kwenye meli nyingi za mafunzo hakuna anayelazimishwa kupanda. Kijana anayeogopa kimo anabaki chini na kamba yake, na kazi yake inahitajika kwa uzito uleule.

Nikamkumbuka dogo. Alikuwa beki wa pembeni mwenye mapafu ya punda, ila kimo hakimsaidii kwenye mipira ya juu. Akademi iliona kimo.

ANAYETANGULIA SI LAZIMA ASHINDE

Sasa njoo kwenye ushindi wenyewe. Wakati wa mbio injini haziruhusiwi kusukuma meli, ni upepo tu. Kwa kuwa vyombo havilingani, kila kimoja hupewa kiwango chake kulingana na ukubwa, umbo na matanga yake. Ukifika, muda uliotumia unakokotolewa kwa kiwango hicho, na hapo ndipo mshindi anapatikana.

Ndiyo maana meli kubwa inaweza kutia nanga, watu wakaoga, wakala, wakalala, na kesho yake kikaingia chombo kidogo kilichochoka na kikatangazwa mshindi. Haraka haraka haina baraka, wahenga walishasema.

Wapenda kasi nao wana kombe lao, linaitwa Boston Teapot. Hilo hupewa meli ya mafunzo iliyokwenda umbali mrefu zaidi kwa matanga ndani ya saa 124 mfululizo, siku tano na saa nne. Hakuna mapumziko ya dakika 15 hapo.

Lakini kombe lenye heshima kuliko yote ni Kombe la Urafiki. Haliangalii nani katangulia. Meli zenyewe hupiga kura kuchagua ile iliyofanya kazi kubwa kuliko nyingine katika kujenga urafiki na maelewano kati ya vijana wa mataifa. Hebu fikiria mwisho wa ligi manahodha wa timu zote wakae chini wapige kura ya siri, timu gani mmefurahi kucheza nayo msimu huu? Sijui timu zetu zingapi zingepata hata kura moja.

SIMBA NA YANGA WABADILISHANE VIJANA

Mashindano kwa kawaida hupita bandari nne. Kunakuwa na mbio za kwanza, kisha mbio zinasimama na meli zinasafiri bila kushindana mpaka bandari inayofuata, halafu mbio za mwisho.

Kile kipande cha katikati ndicho kitamu. Vijana hubadilishana meli. Wa Poland anahamia meli ya Norway, wa Norway anakwenda ya Ureno, na kadhalika. Anakula chakula chao, analala kitanda chao, anaingia zamu yao, wakati siku chache nyuma alikuwa anasali upepo uwakatikie.

Kwa lugha yetu, ni kama ligi isimame baada ya mzunguko wa kwanza, vijana wa Simba wahamie kambi ya Yanga na wa Yanga waende Simba. Wapike pamoja, wafue jezi pamoja. Kisha ligi iendelee na kila mtu arudi kwao kushindana kwa nguvu zote. Hapa kwetu mtu angeitwa msaliti kabla hajashuka kwenye bajaji.

Bandarini nako kuna shamrashamra. Wafanyakazi wa kila meli huandamana mjini kwa ngoma na mavazi ya kwao, na hucheza michezo kati ya meli na meli. Soka imo, msidhani tumesahaulika.

ILIANZA KAMA MECHI YA KUAGA

Mbio hizi zilianza mwaka 1956, na walioziandaa walidhani ni za kuagana. Enzi za meli za matanga zilikuwa zimekwisha, injini imetawala, na nyingi zilikuwa zimeuzwa chakavu. Wakili mmoja wa London, Bernard Morgan, akawa na wazo la kuzikusanya zilizobaki pamoja na vijana wao. Vyombo 20 viliondoka Torbay, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenda Lisbon, Ureno.

Waliotangazwa mabingwa ni Moyana, chombo cha milingoti miwili cha shule ya ubaharia ya Southampton. Wakati wa kurudi nyumbani wakakutana na dhoruba, chombo kikazama. Mabingwa wenyewe waliokolewa wote na meli iliyokuwa ikipita. Hebu pata picha, umebeba kombe na unarudi kwenu huna basi.

Badala ya kuwa mwisho, ukawa mwanzo. Watu walitaka tena. Mwaka 1974, vita baridi bado ikiwa imepamba moto, Urusi ya Kisovyeti ilileta meli zake mbili, Kruzenshtern na Tovarishch. Vijana ambao serikali zao zilikuwa zinaelekezeana makombora wakawa wanarushiana kamba za kufungia meli gatini.

SHULE ILIYOZALIWA VITANI

Wazo la kumfunza kijana maisha kwa kumpeleka baharini lina mzizi mwingine, na mzizi huo umefika mpaka kwetu. Katika Vita ya Pili ya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli nyingi za mizigo za Uingereza. Lawrence Holt, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, aliamini kwamba kwenye maboti ya kuokolea mabaharia vijana walikuwa wanakata tamaa mapema kuliko wazee. Kwa mtazamo wake, vijana wale walikuwa na afya nzuri ila hawakuwa wamewahi kubanwa na bahari kama wazee waliolelewa kwenye matanga.

Holt akaungana na Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekuwa amefungwa na Wanazi kisha akahamia Scotland. Mwaka 1941 wakafungua shule Aberdovey, pwani ya Wales, wakaiita Outward Bound. Kijana alikaa hapo mwezi mmoja hivi, akisafiri kwa matanga, akipanda milima na kufunzwa uokoaji.

Wasomaji wa Kilimanjaro na wa Kenya jina hilo wanalifahamu. Katika miaka ya 1950 Outward Bound ilifungua shule ya mlimani Loitokitok, upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro. Kule waliutumia mlima mahali pa bahari, na somo likawa lilelile.

KUTOKA BUCKIE HADI MUSCAT

Sasa turudi kwenye kalenda ya babu.

Mwaka 1971, katika mji mdogo wa Buckie, Scotland, ilijengwa meli ya mbao ya milingoti mitatu kwa kazi moja tu, kuwafunza vijana. Ikaitwa Captain Scott, jina la mpelelezi maarufu wa Ncha ya Kusini. Vijana wa Uingereza walipanda humo, wakasafiri na kushuka kutembea milimani, kwa mtindo uleule wa Hahn.

Haikudumu mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1977 ikauzwa Oman, ikabatizwa Shabab Oman, na baadaye ikawa chini ya Jeshi la Majini la nchi hiyo. Meli iliyozaliwa kwenye baridi ya Scotland ikapata maisha ya pili kwenye joto la Muscat, na kazi yake ikabaki ileile ya kulea vijana.

Wazanzibari hapa wanajua ninakokwenda. Mwaka 1840 meli ya Sayyid Said, Sultanah, iliondoka Unguja na karafuu na pembe za ndovu, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Mwaka 1986 New York ilipokusanya meli za matanga kusherehekea miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru, Shabab Oman nayo ilikuwapo. Ilikuwa imepita miaka 146, na vijana wa nahodha yuleyule wa kale, tuseme hivyo, wakaingia bandari ileile.

Kwenye mashindano ya Ulaya Shabab Oman ikajijengea sifa ya kipekee. Kombe la Urafiki imelibeba mara kadhaa, kwa kura za wapinzani. Vijana waliotoka nchi ambayo wengi wa washindani wao hawakuijua vizuri walifungua meli yao kwa wageni.

Meli ya zamani ilipochoka, Oman haikuuvunja mradi. Mwaka 2014 ikapokea meli mpya iliyojengwa na kampuni ya Damen ya Uholanzi, Shabab Oman II. Ina urefu wa meta 87. Uwanja wa mpira una meta 105, kwa hiyo ukiiweka meli hiyo golini upande mmoja, omo yake itagusa karibu na mstari wa eneo la penalti la upande wa pili. Matanga yake ukiyatandaza yana meta za mraba 2,700, zaidi ya theluthi ya uwanja mzima. Yote hayo huvutwa kwa mikono ya vijana.

BAHARI HAINA MASIHARA

Nisije nikakuuzia habari tamu tupu. Bahari inaua, na vijana wamekufa kwenye meli hizi.

Tarehe 21 Septemba 1957, Pamir, meli ya mafunzo ya Ujerumani iliyobeba shehena ya shayiri kutoka Argentina, ilikutwa na tufani Carrie katika Atlantiki. Ilikuwa na watu 86. Waliokufa ni 80, wengi wao wanafunzi. Waliopona ni sita.

Tarehe 3 Juni 1984, kwenye mbio zenyewe, kipande cha kutoka Bermuda kwenda Halifax nchini Canada, meli ya Marques ilipigwa na dhoruba ya ghafla ikazama kwa muda mfupi mno. Kati ya watu 28, 19 walikufa. Meli ya Poland, Zawisza Czarny, iliyokuwa ikishindana nao, ndiyo iliyowaokota manusura majini. Hapo matokeo ya mbio hayakuwa na maana tena kwa mtu yeyote.

Hata juzijuzi, tarehe 17 Mei 2025, meli ya mafunzo ya Mexico, Cuauhtémoc, iligonga daraja la Brooklyn kule New York kwa milingoti yake, vijana wakiwa wamepanga mstari juu ya foromali. Wawili walifariki.

Sisi hatuhitaji kufundishwa uchungu huo. Nungwi tulilia mwaka 2011 kwa Spice Islander, na mwaka uliofuata tukalia tena kwa Skagit. Ndiyo maana, mtu akija kesho na wazo la kuwapakia watoto wa shule kwenye jahazi eti anawafunza maisha, swali la kwanza liwe: majaketi ya kuokolea yako wapi, na nahodha ana cheti gani?

Kuna na suala la pesa. Nchini Uingereza taasisi ya Jubilee Sailing Trust iliendesha meli mbili, Lord Nelson na Tenacious, zilizojengwa ili watu wenye ulemavu na wasio na ulemavu wafanye kazi zamu moja. Anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa na njia ya kupita sitahani, na waliotaka kupanda mlingotini walivutwa juu kwa kamba na wenzao. Wazo zuri hilo halikuokolewa na uzuri wake. Mwaka 2023 taasisi ikafunga milango kwa kukosa fedha.

SISI JE?

Siandiki haya ili nchi inunue meli ya milingoti mitatu. Tuna viwanja vya vijana visivyo na choo, tuanze na hapo.

Kilichonigusa ni sheria moja. Kwenye meli, kijana akishapanda, kazi ya nahodha ni kumtafutia mahali, kwa sababu katikati ya bahari hakuna pa kumshushia. Mwenye nguvu ana kamba yake, mwoga wa kimo ana yake, mwenye macho mazuri anawekwa omo. Kocha wa vijana wetu ana njia rahisi zaidi, anafuta jina tu kwenye grupu.

Najua soka ina mipaka. Kikosi hakiwezi kuwa na watu 200, na si kila mtoto atacheza Taifa Stars. Kuachwa ni sehemu ya mchezo. Lakini kuna kuachwa na kuna kutupwa. Kijana aliyekaa misimu miwili anastahili kuitwa, aambiwe usoni amepungukiwa nini, aulizwe kama anataka kujifunza uamuzi, utunzaji wa vifaa, huduma ya kwanza, uchambuzi wa video au kufundisha wadogo. Hizo zote ni kamba za chini. Zisipovutwa, hao mastaa wa juu watabaki wananing'inia.

Kwa upande wangu nimeamua jambo moja. Kuanzia msimu huu, kila habari nitakayoandika ya kikosi cha vijana itakuwa na mstari mmoja wa ziada: walioachwa ni wangapi, na wako wapi. Wiki mbili zilizopita nilimpigia kocha mmoja nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, akaniambia nimpe muda aangalie. Ninamsubiri.

Na dogo? Shule zilipofungwa nilivuka naye kwenda Unguja. Babu akamkabidhi kwa mpwa wake mwenye mashua ya kuvua, akamwambia huyu si mgeni, mpeni kazi. Akavaa jaketi la kuokolea, wakaondoka jioni, wakarudi asubuhi.

Nilimkuta pwani kakaa juu ya mchanga, macho mekundu, viganja vimechubuka. Katapika mara mbili, akaniambia mwenyewe bila kuona haya. Usiku kucha alikuwa anafuta maji ngamani, na alfajiri wakamwachia demani ya tanga.

Nikamwambia boti ya Dar inaondoka Ijumaa, twende zetu.

“Kaka, wewe tangulia,” akasema. “Jumamosi nina zamu.”